Kabla mtoto hajaharisha, ijue lita yako

Weka ndani mapema pakiti mbili tatu za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji), vidonge vya zinki, kikombe na kijiko safi. Angalia tarehe ya mwisho ya matumizi. Dawa za watu wazima za kufunga tumbo usimpe mtoto hata kidogo.

Sasa chombo cha kupimia. Hapa ndipo watoto wanapoumizwa na mikono inayowapenda. Soma pakiti: nyingi ni za lita moja, lakini zipo za nusu lita. Chukua chupa ambayo ujazo wake umeandikwa, ijaze maji, yamimine kwenye jagi lako, kisha chora alama pale yalipofika. Fanya hivyo leo. Saa nane usiku, mtoto analia na nepi imelowa tena, mtu humwaga pakiti nzima kwenye glasi moja akiamini dawa ikikolea ndiyo itamshika haraka. Kumbe chumvi na sukari zikizidi huvuta maji kutoka mwilini kuingia kwenye utumbo. Mtoto anaharisha zaidi, kiu inampanda, na chumvi ikizidi kwenye damu anaweza kupata degedege. Kuigawa pakiti kwa kukadiria nako ni kubahatisha. Changanya yote, kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Yakimaliza saa 24, mwaga.

Kila baada ya choo cha majimaji, aliye chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 za ORS iliyochanganywa. Mkubwa zaidi, 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, kisha mpe kijiko kimoja kila baada ya dakika mbili tatu. Aendelee kunyonya na kula.

Zinki ni miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14. Choo kikikauka siku ya tatu, usiache.

Finya ngozi ya tumbo pembeni ya kitovu, uiachie. Ikirudi polepole, macho yakiwa yamedidimia, amelegea, hawezi kunywa au choo kina damu, nenda hospitali, ukimnywesha njiani kama anaweza kumeza. Mtoto mchanga wa chini ya miezi 2 usimsubirie dalili hizo. Usafiri wa usiku nao uujue kabla, na nani atabaki na watoto wengine.