Umepewa sehemu ndogo katika mchezo? Ishike hivi

Vijana ninaofanya nao mazoezi ya mchezo wa kuigiza hapa Katuba, Lubumbashi, kila mmoja anataka kuwa bosi wa mchezo. Wa kuwa mlinzi wa geti hapatikani. Wenye kununa nawapa habari za mwigizaji Michael Constantine, mtoto wa Wagiriki waliohamia Marekani, aliyezaliwa Reading, Pennsylvania, mwaka 1927. Kwa miaka mingi televisheni ilimpa sehemu ndogo ndogo. Halafu kuanzia 1969 hadi 1974 akawa mkuu wa shule, Seymour Kaufman, katika Room 222, mchezo wa televisheni, na mwaka 1970 akapata Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, kama mwigizaji msaidizi.

Tuseme nawe umepewa prefe, yaani mkuu wa shule. Wengi wanaanzia kooni: sauti nzito, ngumi mezani. Acha. Jiulize kwanza prefe huyu ametoka wapi kabla ya kufungua mlango. Labda amezungukwa tangu asubuhi na wazazi ambao hawajalipa minervali, ada ya shule, na mwalimu wa hesabu hajafika. Ukijua hayo utaingia umechoka tayari, na huo uchovu ndio utakaochekesha. Kaufman alichekesha kwa uso mkavu.

Maneno ya wenzako yajue pia. Miaka ya 1950, Broadway, kwenye majumba ya maigizo ya New York, Constantine alijifunza sehemu nzima ya mwigizaji Paul Muni katika mchezo wa Inherit the Wind, awe tayari siku mwenyewe asipoweza kupanda jukwaani. Sisi hatuna wa akiba. Mwenzako akisahau, wewe ndiye utakayemvuta.

Lafudhi ina hatari yake. Constantine, Mgiriki, alimcheza Kaufman, jina la Kiyahudi, bila kumfanya kinyago. Ukipewa mzee aliyetoka mkoa wa Kasai, usikimbilie kupindisha ulimi ili watu wacheke. Mji huu vicheko vya namna hiyo vimeshauumiza. Nenda soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, kaa karibu na mzee mmoja, sikiliza anavyopunguza bei na pale anaponyamaza.

Kitu cha mkononi kiwe kimoja. Mwaka 2002, uzeeni, Constantine alikuwa Gus Portokalos katika filamu ya My Big Fat Greek Wedding, baba wa Kigiriki anayetibu kila ugonjwa kwa kupuliza Windex, dawa ya kusafishia vioo. Chupa hiyo watu wanaikumbuka mpaka leo. Prefe wako mpe funguo. Azitoe mara moja, wakati wa kumfukuza mwanafunzi. Kamera ikiwa kwa mwingine, zikae mfukoni: zikilia, mshika sauti atakulaani, na mimi nitamuunga mkono.