Ukikosa maneno ya kuomba, anza na Zaburi 13

Kwa aliyebanwa na msiba, ugonjwa au kukosa kazi hadi sala haitoki: fungua Zaburi ya 13, isome kwa sauti, kisha andika ya kwako kwa mpangilio uleule. Ina aya sita tu. Aya mbili za mwanzo ni malalamiko matupu, "hata lini" mara nne, na hakuna kuomba radhi kwa kulalamika. Hapo usiandike "matatizo yangu". Taja jambo lenyewe: kodi ya nyumba, majibu ya vipimo, simu isiyopokelewa. Aya ya tatu na ya nne ni ombi. Andika moja, la leo. Tumaini linakuja aya ya tano, na kilichomfikisha huko Daudi si hali kubadilika, maana adui bado yupo. Anaegemea fadhili za Mungu anazozijua tangu zamani. Ndiyo maana njia hii inafaa: hujilazimishi kushukuru kabla hujalia. (Wengi wetu tunarukia shukrani, halafu tunashangaa moyo haufuati.)

Haitafaa ukiifanya kama dawa ya mara moja, wala ukijibana ufike aya ya tano kwa nguvu. Siku hiyo ikigoma, ishia kwenye ombi, au chukua Zaburi ya 88, inayomalizikia gizani kabisa na bado ni sala. Na kama hulali, huli, au unawaza kufa, usibaki na daftari peke yako. Mwambie mtu leo, na mwone daktari.