Kukloni diski ya GB 500 kwenda SSD ya GB 480: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kukloni ni kuhamisha kila kitu cha diski moja kwenda nyingine kama kilivyo, na SSD ni diski ya kisasa isiyo na sehemu zinazozunguka. Nauandika mwongozo huu baada ya kumhamishia diski mama mwenye duka la steshenari hapa Ngamiani, Tanga. Mitihani ya shule, barua na mikataba ya wateja wa miaka mingi, yote ilikuwa kwenye diski moja iliyokuwa imeshaanza kuwa nzito. Ndugu msomaji, kama kompyuta yako inalisha familia, usingoje diski ife ndipo utafute fundi.

1. Pima afya ya diski. Tumia CrystalDiskInfo, programu ya bure ya kupima diski. Ikiandika Good, endelea. Ikiandika Caution, nakili kwanza nyaraka muhimu kwenye diski ya nje, kukloni baadaye. Ikiwa diski inagonga tik-tik, zima mashine. Kila dakika inapozunguka inazidi kujila, na hiyo ni kazi ya wataalamu wa kuokoa data.

2. Andaa fleshi ya Clonezilla, programu ya kukloni inayowashwa kutoka kwenye fleshi, kwa kutumia Rufus, programu ya kutengeneza fleshi za kuwashia mashine. Programu za kulipia zilizovunjwa ufunguo, zile zinazopita mkono kwa mkono kwenye fleshi, mimi siziweki kwenye mashine ya mteja hata kidogo. Nyingi zinakuja na virusi, na hapa unaipa programu diski nzima. Clonezilla ni ya bure kihalali. Sura yake ni ya maandishi matupu, lakini kazi inaifanya.

3. Linganisha ukubwa wa diski. Hapa ndipo kazi ya yule mama ilipokula mchana mzima.

Diski ya GB 500 Windows huionyesha kama GB 465 hivi. SSD ya GB 480 huonekana kama 447. Hata kama faili zako zote ni GB 90 tu, Clonezilla itakataa, kwa sababu inaangalia ukubwa wa diski, haiangalii ulichojaza. Kama bado hujanunua, chukua SSD ya GB 512 uruke hatua hii yote. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko usumbufu wake.

Kama 480 umeshainunua, lazima uipunguze C, yaani patisheni (kipande cha diski) yenye Windows. Wengi huenda Disk Management, wakabonyeza Shrink Volume, wakakuta Windows inakubali kutoa GB chache tu. Sababu ni kwamba katikati ya diski kuna faili ambazo Windows haizisogezi: ya kulaza mashine, ya kumbukumbu pepe, na za kurejesha mfumo. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `powercfg /h off`, inazima ulazaji wa mashine. Zima System Protection (ya kurejesha mfumo), ondoa paging file (kumbukumbu pepe), washa upya, kisha jaribu tena. Hiyo `powercfg` usiiruke hata kama nafasi inatosha: Windows iliyolazwa nusu huacha patisheni katika hali ambayo Clonezilla hugoma kuisoma.

Bado hujamaliza. Mara nyingi kuna patisheni ya Recovery, ya kurekebishia Windows, imekaa mwishoni kabisa mwa diski. Umeipunguza C, lakini Recovery iko palepale, na mwisho wake unapita GB 447. Disk Management haiwezi kuisogeza. Washa mashine kwa fleshi ya GParted, programu ya bure ya kupanga patisheni, ivute Recovery ikae jirani na C. Halafu ndani ya Clonezilla chagua Expert mode, weka alama kwenye `-icds`, ili isikatae kwa sababu ya ukubwa wa diski. Hivi ndivyo ninavyofanya kwenye mashine za zamani zenye MBR, mpangilio wa zamani wa patisheni. Kwa zenye GPT, mpangilio mpya, nashauri 512 moja kwa moja.

Kama BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski, imewashwa, izime kabla ya yote haya na usubiri imalize kufungua diski.

4. Kloni. Chagua device-device, kisha disk to local disk. Clonezilla haikuambii "ya zamani" na "mpya", inakuambia sda na sdb. Soma modeli na ukubwa, linganisha na kibandiko cha diski yenyewe, ndipo ukubali. Ukigeuza chanzo na mwisho, SSD tupu itafuta miaka yote ya kazi. Kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS, kifaa chenye betri ya kushika umeme ukikatika. Umeme ukikatika katikati, unaanza upya.

5. Chomoa diski ya zamani kabla ya kuwasha. Diski mbili zenye utambulisho mmoja zikikutana, Windows huifungia moja.

6. Bakapu. Kloni si bakapu, maana virusi na faili mbovu nazo zimehamia. Nunua diski ya nje, nakili nyaraka kila wiki, kisha ichomoe. Ikibaki imechomekwa, virusi vya kufunga faili vitaifunga nayo. Huku pwani hewa ina chumvi, kwa hiyo iweke kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu, na ikae nyumbani, si dukani.

Diski ya zamani usiifute mpaka umefungua faili zako kadhaa kwenye SSD, ukachapa, ukahifadhi, na mashine imefanya kazi kama mwezi hivi.