SOMO: Kipigo cha nyumbani, hatua kwa hatua kwa walio Kigoma

Naandika somo hili mara moja ili nisiendelee kujibu ujumbe uleule kila wiki. Soma mpaka mwisho ndipo uulize. Ninazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria zao.

Bara hatuna sheria moja inayoitwa ya ukatili wa majumbani. Kinga ya mama na mtoto imetawanyika: kipigo kimo kwenye Kanuni ya Adhabu, katazo la kumchapa mwenza na masuala ya mali yamo kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971, na matunzo na ulinzi wa mtoto yamo kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009. Ndiyo maana mtu mmoja hujikuta anazungushwa ofisi tatu. Ukijua kila ofisi inashughulikia kipande gani, hutazungushwa.

Hatua ya 1. Toka, na watoto. Vyombo na nguo utavifuata baadaye ukiwa na askari au mwenyekiti wa kitongoji.

Hatua ya 2. Nenda kituo cha polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Ukiwa kijijini kusiko na kituo, anza kwa mtendaji wa kijiji akuandikie barua, na usikae kusubiri kikao cha ukoo. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Kwa mtoto, piga 116, ni bure.

Hatua ya 3. Pokea namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo. Iandike kwenye karatasi na kwenye simu. Haiuzwi.

Hatua ya 4. PF3. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo kesi nyingi zinapofia, na mimi mwenyewe niliwahi kumwelekeza mtu vibaya.

PF3 ni fomu ya polisi inayompeleka majeruhi kwa daktari. Polisi wanajaza sehemu ya juu, daktari au tabibu anajaza sehemu ya chini, kisha fomu inarudi kituoni. Ni bure. Ukiwa hoi, unatoka damu nyingi au umezimia, hospitali kwanza, fomu baadaye. Matibabu ya dharura hayasubiri karatasi. Ukifika, mwambie muuguzi kwamba ni kipigo ili polisi waitwe na fomu ifuate.

Mbele ya daktari sema ukweli tangu neno la kwanza. Ukisema "nilianguka bafuni", itaandikwa kwenye faili lako hivyohivyo, na miezi mitatu baadaye upande wa mshtakiwa utaisoma mahakamani kwa sauti. Taja umepigwa na nini, mara ngapi na wapi. Kabla hujaondoka, hakikisha daktari ameandika: jeraha liko wapi, lina urefu gani, lina umri gani (saa ngapi au siku ngapi), limesababishwa na kitu butu au chenye makali, na kiwango cha madhara. Chini kuwe na jina lake, cheo, saini na mhuri. Fomu iliyoandikwa "ana maumivu mgongoni" tu haimsaidii mwendesha mashtaka, kwa sababu tofauti kati ya shambulio la kawaida na shambulio la kudhuru mwili, ambalo adhabu yake hufika kifungo cha miaka 5, inaonekana kwenye jeraha.

Tahadhari za PF3:

Alama za fimbo na mateke hujitokeza zaidi siku ya pili na ya tatu. Zikizidi, rudi kwa daktari, aongeze maelezo. Piga picha mbili za kila jeraha: moja inayoonyesha uso wako pamoja na jeraha, nyingine ya karibu ukiwa umeweka sarafu ya shilingi 200 pembeni ili ukubwa uonekane.

Ukikabwa koo, sema umekabwa hata kama shingo haina alama. Sauti kukwaruza, kumeza kwa shida, vidoa vyekundu machoni, kujikojolea bila kujua: vyote vitajwe. Kukabwa kunaweza kuua saa kadhaa baada ya mtu kuonekana mzima, kwa hiyo usikubali kupewa dawa za maumivu na kurudishwa nyumbani bila kuchunguzwa.

Ikiwa umeingiliwa kwa nguvu, usioge wala usifue. Nguo za siku hiyo zitie kwenye bahasha ya kaki au karatasi, si mfuko wa plastiki, maana unyevu huharibu ushahidi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Dawa ya kuzuia mimba ni ndani ya saa 120. Aliye Kalya au kijiji kingine cha mwambao anayesubiri boti ahesabu saa hizo tangu tukio lilipotokea, asihesabu tangu alipofika mjini. Aulizie kwanza kituo cha afya kilicho karibu.

Jina kwenye PF3 lifanane na la kitambulisho chako. Na usiondoke na fomu ukaiweka kabatini. Ipige picha, kisha irudishe kituoni siku hiyohiyo.

Hatua ya 5. Maelezo. Askari akishaandika, omba akusomee kabla hujasaini. Kama ameandika "waligombana" na wewe ulisema "alinipiga kwa mpini wa jembe", mwambie arekebishe.

Hatua ya 6. Jipange kwa dhamana. Makosa haya mengi yana dhamana, na polisi wanatakiwa kumfikisha mtuhumiwa mahakamani ndani ya saa 24 au kumpa dhamana. Kwa hiyo anaweza kuwa mtaani kesho. Mwambie askari wa dawati, na baadaye mwendesha mashtaka, kwamba unaogopa na kwa sababu gani, ili aombe mahakama iweke sharti la kutokukaribia. Usirudi kulala nyumba ileile kwa sababu tu "ameshafunguliwa kesi".

Hatua ya 7. Mali. Sheria ya Ndoa haimruhusu mume au mke kuuza, kuweka rehani wala kugawa nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ipo. Kiwanja chenye hati, weka zuio kwa Msajili wa Hati. Shamba la kijiji, iwe la michikichi au la maharage, peleka barua kwa halmashauri ya kijiji, upate nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Hatua ya 8. Ukitaka talaka, pita Baraza la Usuluhishi wa Ndoa upate hati inayosema usuluhishi umeshindikana. Hati hiyo iwe haijazidi miezi 6 siku unapofungua shauri. Wapo waliopewa talaka, kisha rufaani kila kitu kikafutwa kwa kasoro ya hati hii tu, wakaanza upya. Baraza linasuluhisha ndoa. Haliwezi kufuta kosa la jinai, na huhitaji kupita huko ndipo uende polisi.

Maswali chini.

*

BintiUjiji: Nimepigwa na mume wangu nifanyeje?

Mwandishi: Pole sana dada. Hatua ya 1 mpaka ya 4, leo hii, usingoje kesho. Kama hujatoka ndani ya nyumba hiyo, piga 112.

Mzee wa Heru: Sisi Waha mume kumrudi mkewe ni mila. Mnaharibu nyumba za watu.

Mwandishi: Shikamoo mzee wangu. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko, mila iwepo isiwepo. Kinamlinda mume na mke vilevile. Sheria hiyo ni ya 1971. Si jambo la jana.

Mchikichi: Nilisoma mtandaoni kwamba mahakama hutoa amri ya ulinzi siku hiyohiyo, hata mume anatolewa nyumbani. Mbona huku hakuna anayeijua?

Mwandishi: Swali zuri, na linawapotosha wengi. Uliyosoma huenda ni ya Kenya, wana sheria maalumu ya kukinga ukatili wa nyumbani ya 2015. Uganda wana yao ya 2010. Kwetu amri ya namna hiyo haijakusanywa mahali pamoja, bali vipo vipande: sharti la dhamana kwenye kesi ya jinai (hatua ya 6), na mahakama inayosikiliza shauri la ndoa ina uwezo wa kumwamuru mwenza au mtalaka aache kumsumbua na kumlazimisha mwenzake. Kwa hiyo ukiwa na shauri la talaka au la kutengana, iombe amri hiyo kwa maandishi, uambatishe PF3 na namba ya RB. Usipoiomba, hakimu hataiotea.

Asha K.: Mimi sikufunga ndoa, tumeishi miaka sita, mahari haikutolewa. Nina haki?

Mwandishi: Kwenye kipigo, hakuna anayeuliza cheti. Shambulio ni shambulio hata kama ni jirani. Kwenye mali, mkiwa mmeishi pamoja miaka 2 au zaidi na mkatambulika kama mke na mume, ipo dhana ya ndoa, yaani sheria huwachukulia kama mmeoana. Tafuta mashahidi wawili watatu wasio ndugu zako: balozi wa nyumba kumi, jirani, kiongozi wa dini. Weka kadi za kliniki na vyeti vya kuzaliwa vya watoto kwa mtu unayemwamini.

Juma_Kibondo: nataka mke wangu afute kesi tumeshayamaliza kifamilia aandike nini

Mwandishi: Sikuandikii barua hiyo. Mlalamikaji mahakama ya wilaya ni Jamhuri, yaani serikali, mkeo ni shahidi.

Juma_Kibondo: si akikataa kutoa ushahidi inakufa?

Mwandishi: Mke huwa halazimishwi kumtolea mumewe ushahidi, lakini kosa likiwa limetendwa dhidi ya mwili wake mwenyewe, sheria ya ushahidi inaruhusu alazimishwe. Usuluhishi mahakamani upo kwa makosa madogo kama shambulio la kawaida, na ni hakimu anayeuongoza. Na ukimtisha shahidi umejiongezea kosa. Nimemaliza.

Mwalimu wa Buhigwe: Nina mwanafunzi wa miaka 9, ana alama za kipigo mgongoni kila Jumatatu. Mama yake anasema nisiingilie. Nikitoa taarifa nitakuwa nimevunja sheria? Na ushahidi wa mtoto mdogo unakubalika?

Mwandishi: Mwalimu, Sheria ya Mtoto inakutaka utoe taarifa, kunyamaza ndiko kosa. Peleka kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au kwa mtendaji, au piga 116. Andika tarehe, ulichokiona na maneno ya mtoto kama alivyoyasema. Usimhoji mara tano, maana maswali mengi humfanya abadilishe maneno, na upande wa pili watalitumia hilo. Usimvue nguo kumpiga picha, hiyo ni kazi ya daktari. Mtoto wa umri huo anatoa ushahidi bila kiapo baada ya kuahidi kusema ukweli na si uongo, na ahadi hiyo iandikwe kwenye mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu za mahakama. Isipoandikwa, ushahidi unaweza kutupwa kwenye rufaa. Mkumbushe mwendesha mashtaka.

Mwalimu wa Buhigwe: Asante sana. Na mama naye akiwa anapigwa?

Mwandishi: Mara nyingi ndivyo ilivyo. Mwombe afisa ustawi azungumze naye peke yake, mbali na baba na mbali na mawifi. Anayekwambia usiingilie huenda anamkinga mtoto kwa njia pekee anayoiona.

Neema wa Kasulu: Mume akimlazimisha mke tendo la ndoa, ni ubakaji?

Mwandishi: Dada Neema, jibu linauma. Kwa sheria ilivyo, ubakaji kwa mke halali unahesabiwa pale tu wanapokuwa wametengana. Inahitaji kurekebishwa, nami nalisema hilo kila ninapopata nafasi. Lakini kipigo, kukabwa na majeraha yaliyoandamana na tendo hilo ni makosa kamili. Yaripoti, na dawa za saa 72 una haki nazo.

Mchikichi: Kituo kimoja walimwambia dada yangu arudi na mumewe ndipo waandike. Wana haki?

Mwandishi: Hawana. Aende ofisi ya Mkuu wa Polisi wa Wilaya, aombe mkuu wa dawati, ataje siku na saa aliyofika mara ya kwanza. Aende na msaidizi wa kisheria, wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na hawatozi. Ofisi ya ustawi au maendeleo ya jamii itamwelekeza kwa aliye karibu.

Mama Wawili: Nyongeza: meseji za vitisho msifute. Mimi nasevu picha ya skrini na namba ikionekana.

Mwandishi: Sahihi kabisa, mama. Namba ionekane badala ya jina ulilosevu, na tarehe pia. Meseji yenyewe ibaki kwenye simu, picha ya skrini peke yake hubishaniwa. Na kabla hujabadilisha laini au kuuza simu, mwonyeshe mpelelezi kwanza.

Juma_Kibondo: na matunzo ya watoto kesi ikiendelea nani anatoa?

Mwandishi: Wewe. Kesi ya jinai haisimamishi chakula cha mtoto. Mama aanze ustawi wa jamii, usipotekeleza anaomba amri ya matunzo Mahakama ya Watoto, na kupuuza wajibu huo kuna faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote. Kama una nia njema, peleka fedha kupitia ustawi kwa risiti, na usiende nazo mwenyewe anakoishi.

Juma_Kibondo: sawa. ofisi yao iko wapi hapa Kibondo?

Mwandishi: Halmashauri ya wilaya. Uliza ofisi ya Ustawi wa Jamii, nenda asubuhi, beba nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto.