Namna ya Kusoma Matokeo ya Kidato cha Nne ya Shule ya Kata

Kila mwaka Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, kwa kawaida mwezi Januari, mkuu wa shule hupigiwa simu na watu wengi wenye swali moja: mmefaulisha asilimia ngapi? Swali hilo ndilo linalotupoteza. Katika matokeo ya mwaka 2022, watahiniwa wa shule waliofaulu kitaifa walikuwa asilimia 87.79, ilhali waliopata daraja la kwanza hadi la tatu walikuwa asilimia 36.95. Namba zote mbili ni za kweli, lakini mzazi aliyeisikia ya kwanza peke yake hurudi nyumbani akiamini mambo ni shwari, wakati nusu nzima ya watahiniwa wameangukia daraja la nne, ambalo haliwapeleki kidato cha tano. Mwongozo huu ni wa mzazi, mjumbe wa bodi ya shule au mwalimu mgeni anayetaka kuyasoma matokeo ya shule moja ya kata mpaka aone kilichomo, kisha aingie kikaoni akiwa na jambo la kusema.

Anza kwa kufungua ukurasa wa shule yenyewe katika tovuti ya Baraza, wala usitegemee picha iliyosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, kwa kuwa picha hiyo huwa imekatwa juu tu. Namba ya kituo cha watahiniwa wa shule huanza na herufi S, na ya watahiniwa wa kujitegemea huanza na P, hakikisha hujachanganya. Ukurasa una sehemu tatu: juu kuna jumla ya madaraja kwa wasichana na wavulana, katikati kuna mstari wa kila mtahiniwa wenye pointi, daraja na alama ya kila somo, na chini kabisa kuna jedwali la masomo. Watu wengi huishia juu. Faida kubwa iko katikati na chini.

Ili kuuelewa mstari wa mtahiniwa, ni lazima ujue hesabu yake. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5, na masomo saba aliyofanya vizuri zaidi ndiyo yanayojumlishwa. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 au 35 ni sifuri. Kwa hiyo D mbili na F tano, ambazo ni pointi 33, zinatosha kumhesabu mtoto miongoni mwa waliofaulu.

Sasa chukua kalamu ufanye hesabu nyingine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kiini cha suala zima. Mwanafunzi mwenye C tatu na D nne ana pointi 25, yaani daraja la tatu. Mwenye C tatu, D tatu na F moja ana pointi 26, naye yuko daraja la nne. F moja inamtaka apate C ya nne ndipo arudi alipokuwa. Katika shule za kata wanafunzi wengi huacha Fizikia na Kemia kabla ya kidato cha nne, wakabaki na Uraia, Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, Biolojia na Hisabati. Hesabu masomo hayo: ni saba kamili. Mwanafunzi wa sayansi mwenye masomo tisa anaweza kupata F ya Hisabati ikabaki nje ya saba zake bora, lakini huyu wa masomo saba hana pa kuificha. Hisabati nayo ndiyo somo ambalo kitaifa, mwaka 2023, lilifaulisha takriban robo tu ya watahiniwa. Mtoto anayeambiwa tangu kidato cha pili kwamba Hisabati si fungu lake, aachane nayo ashughulikie masomo mengine, anaelekezwa vibaya na watu wanaompenda, na jambo hilo linanisikitisha kila ninaposhika orodha ya matokeo.

Pitia basi mistari yote na uzungushie duara kila mwenye pointi 26 na 27. Hao ndio waliokosa daraja la tatu kwa pointi moja au mbili. Tazama kwa kila mmoja ni somo gani lenye F, na uhesabu ni wangapi wangevuka kama F hiyo ingekuwa D. D huanzia alama 30. Mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne una sehemu A yenye maswali 10 ya alama 6 kila moja na sehemu B yenye maswali manne ya alama 10. Maswali matano ya sehemu A yaliyofanywa kwa ukamilifu yanatoa alama 30, na ingawa alama za maendeleo, yaani za kazi na majaribio ya shuleni, nazo huingia katika hesabu ya mwisho, umbali wa kutoka F hadi D si mlima ambao mwanafunzi wa kawaida, akifundishwa kwa subira, hawezi kuupanda.

Shuka sasa kwenye jedwali la masomo. Humo utaona waliosajiliwa, waliofanya mtihani, waliofaulu na wastani wa somo, yaani GPA. Wastani huo husomwa kinyume na mazoea, kwa maana unapokuwa mdogo ndivyo somo linavyokuwa bora, na nimeshuhudia kikao cha wazazi kikipigia makofi somo lililokuwa la mwisho kwa sababu lilikuwa na namba kubwa. Usiridhike pia na idadi ya waliofaulu. Somo ambalo karibu wote wamefaulu lakini wastani wake ni 3.9 linakuambia kwamba wengi wao wamepata D.

Linganisha wastani wa Kiswahili na wa Historia au Uraia. Watoto ni walewale, na masomo yote matatu yanadai kusoma swali, kukumbuka na kueleza kwa maandishi. Kama Kiswahili kimekaa kwenye C huku Historia na Uraia vikining'inia kati ya D na F, usikimbilie kumlaumu mwalimu wa Historia. Inawezekana kabisa kwamba mtoto anaijua hoja lakini hana Kiingereza cha kuisemea, kwa kuwa alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka saba kisha akabadilishiwa lugha mlangoni mwa sekondari. Dawa yake huanzia kidato cha kwanza: kusoma kwa sauti, kuandika aya fupi kila wiki na kusahihishwa. Kambi ya miezi miwili ya mwisho haiwezi kufidia miaka minne.

Hatua inayofuata haimo kwenye ukurasa, nayo husahaulika karibu kila mahali. Tafuta katika daftari la usajili idadi ya walioingia kidato cha kwanza miaka minne nyuma. Tuchukue mfano wa kufikirika: shule ina watahiniwa 62, daraja la kwanza mmoja, la pili watatu, la tatu tisa, la nne 41 na sifuri wanane. Ufaulu ni asilimia 87. Ubora, yaani daraja la kwanza hadi la tatu, ni watoto 13, asilimia 21. Ikiwa walioingia kidato cha kwanza walikuwa 118, basi hao 13 ni asilimia 11 tu ya watoto ambao kata iliikabidhi shule. Na wale 56 ambao hawakufika kwenye mtihani wako wapi? Baadhi wamehama, wengine wamekariri kidato cha pili baada ya Upimaji wa Kitaifa, na wengine wako mgodini, kwenye bodaboda au wameolewa. Uliza kwa jina, msichana na mvulana. Wasichana walioacha shule kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi kwa mujibu wa Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, na bodi ina haki ya kujua ni wangapi wamefuatwa nyumbani. Shule inayopandisha asilimia kwa kupoteza wanafunzi dhaifu haijapanda.

Katika kulinganisha, uwe mwangalifu. Shule ya kata haistahili kuwekwa mizani moja na Ilboru, Kibaha au Kilakala, ambazo huchukua wanafunzi waliochujwa nchi nzima kwa ufaulu wa darasa la saba. Linganisha na kata jirani, na zaidi ya hapo linganisha watoto haohao na matokeo yao ya kidato cha pili miaka miwili nyuma, ambayo nayo yamo kwenye tovuti. Shule ndogo isomwe kwa miaka mitatu kwa pamoja, kwa sababu penye watahiniwa 40 mtoto mmoja ni asilimia mbili na nusu. Usirudi nyuma kupita matokeo ya 2015: yale ya 2012 yalichakatwa upya baada ya zaidi ya nusu ya watahiniwa kupata sifuri, na ya 2014 yalipangwa kwa mfumo mwingine usiokuwa na madaraja haya.

Kabla ya kikao, mwombe mwalimu wa taaluma taarifa ya Baraza ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa masomo mawili yaliyo chini zaidi. Taarifa hizo huonyesha swali kwa swali wapi watahiniwa waliteleza na kwa nini, pamoja na vielelezo vya majibu yao halisi, lakini katika shule nyingi hazifiki mikononi mwa mwalimu wa somo. Kisha uliza, kwa adabu na bila kumtafuta mchawi: somo hili lina walimu wangapi, vipindi vingapi kwa wiki vilifundishwa kweli, na mada zipi hazikufikiwa. Iwapo jibu ni kwamba mwalimu wa Hisabati ni mmoja kwa vidato vyote vinne, msimlaumu; andikeni barua kwa mkurugenzi wa halmashauri mkiambatanisha jedwali lenu, na kama wazazi wanakubaliana kumlipa mwalimu wa kujitolea, liingie kwenye muhtasari pamoja na vidato atakavyovishika.

Nakili mwishoni namba nne kwenye karatasi ya manila: walioingia kidato cha kwanza, waliofanya mtihani, waliopata daraja la kwanza hadi la tatu, na waliokwama kwenye pointi 26 na 27. Ibandikeni ofisi ya walimu, muache nafasi ya mwaka ujao pembeni, na siku hiyohiyo muitishe orodha ya walio kidato cha tatu sasa ambao walipata F ya Hisabati kwenye Upimaji wa kidato cha pili.