Namna ya Kupima Hulka na Ari ya Mtoto wa Mbwa wa Kazi

Anayechagua mbwa wa kazi, awe wa kunusa, wa ulinzi au wa kuchunga mifugo, hupima mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara: hulka, yaani namna mbwa anavyolipokea jambo geni, na ari, yaani kiu yake ya kukifuata kitu hata kinapomponyoka. Mbwa mwenye ari kubwa na hulka ya woga anaweza kuwa hatari, ilhali mtulivu asiye na ari ni mwenzi mwema wa nyumbani, ila kazi itamshinda.

Kwanza watazame wazazi, hasa mama, jinsi anavyompokea mgeni.

Watoto wa mbwa hupimwa kwa kawaida wakiwa na umri wa wiki 7. Mpimaji awe mtu wasiyemjua, mahali pawe pageni kwao, na kila mmoja apimwe peke yake, akiwa macho na hajashiba, kwa sababu anayewaonea ndugu zake huenda akanywea mara tu anapotengwa nao.

Angusha sufuria hatua chache kutoka alipo mtoto, kisha unyamaze bila kumbembeleza. Kushtuka si kosa hata kidogo. Linalopimwa ni muda anaochukua kurudiwa na utulivu, na kama atakiendea chombo kile kukinusa. Kipimo hiki mimi hukipa uzito kuliko vyote, kwa kuwa kazi haikosi vishindo.

Kwa upande wa ari, buruta kitambaa kilichofungwa kamba mbele yake, kisha ukifiche nyasini. Wengi hukimbilia kitu kinachokwenda. Wachache huendelea kukitafuta kwa pua baada ya kutoweka machoni, na hao ndio wa kutazamwa kwa makini. Usidanganywe na mtoto anayerukaruka na kubweka huku na huku, kwani hayo ni mahangaiko, na ari huonekana kwa mbwa aliyekaza nia kwenye kitu kimoja.

Hata hivyo, matokeo ya wiki ya 7 hayatabiri kwa uhakika mbwa atakavyokuwa ukubwani. Kipindi cha kuzoeshwa watu na mazingira huanzia takriban wiki ya 3 hadi ya 12, na mtoto aliyefungiwa bandani wakati huo anaweza kuharibika hata kama alizaliwa na hulka njema. Kwa hiyo andika ulichokiona, upime tena baada ya miezi kadhaa, na umpime mara nyingine akifikisha mwaka mmoja au mmoja na nusu. Safari hiyo tupa mpira kwenye majani marefu, umzuie kidogo kabla ya kumwachia, uhesabu dakika anazotafuta bila kukugeukia kuomba msaada. Kisha rudia zoezi hilohilo kwenye sakafu inayoteleza na katika chumba chenye giza, maana wapo wanaotafuta vizuri uwanjani lakini wakifika kwenye vigae hawasogei.