Jinsi ya kujua kama kambare fulani yuko hatarini (na kwa nini ndoo ya chambo inadanganya)

Juzi nilimuuliza muuza chambo mmoja mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kama kambare wanapungua ziwani, akacheka mpaka akakaa chini. "Kambare waishe? Hawa hapa mdogo wangu, hesabu mwenyewe." Ndoo imejaa vifaranga wanasubiri kutundikwa kwenye ndoano za sangara, wanajipindapinda tu, na ukiiangalia ile ndoo huwezi kuamini kwamba kwenye ziwa hilihili la Victoria kuna kambare mwingine ambae wataalam wameandika huenda keshatoweka. Sasa hapo nani muongo? Hakuna, wanaongelea samaki wawili tofauti, jina ndo moja.

Kwaiyo hatua ya kwanza kabisa, achana na jina la mwaloni, tafuta la kisayansi. Yule wa kwenye ndoo ni Clarias gariepinus, ndo huyohuyo anaefugwa kwenye mabwawa kila kona. Yule mwingine anaesemwa huenda keshatoweka, anaishi vilindini, ni Xenoclarias eupogon, anapatikana Ziwa Victoria tu, dunia nzima hayupo pengine. Eupogon ni Kigiriki, maana yake mwenye ndevu nzuri, na kambare ndevu ndo urembo wake bwana. Mbele ya jina utakuta (Norman, 1928), huyo ndo alieandika maelezo yake mara ya kwanza na mwaka wenyewe, na yale mabano sio pambo, yanakwambia alipompa jina alimuweka kwenye jenasi (kundi la ndugu wa karibu, lile neno la kwanza la jina) nyingine halafu baadae akahamishwa.

Ukishapata jina ingia iucnredlist.org, orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini, lipesti kwenye sehemu ya kutafuta, hakikisha herufi zote zimekaa sawa maana ukikosea moja tu unaletewa chura. Utaona kiduara chenye herufi mbili. LC ni wa kawaida, hana tatizo kubwa kwa sasa. NT anakaribia hatari. VU, EN na CR ndo hatari yenyewe inapanda ngazi, CR ikiwa ya mwisho. EW kabaki kwenye kufugwa tu, EX kaisha. Halafu kuna DD, hii watu wengi wanaisoma vibaya, wanadhani maana yake yuko salama, hapana, maana yake taarifa hazitoshi kumuweka popote.

Gariepinus ni LC. Eupogon ni CR.

Usiishie kwenye herufi lakini, hapa ndo skrinshoti za kwenye magrupu zinapotupoteza. Shuka chini usome vigezo. Vinaandikwa kuanzia A mpaka E: A ni idadi kushuka kwa kasi (kwa CR mara nyingi ni 80% au zaidi, ndani ya miaka 10 au vizazi vitatu, wanachukua kilicho kirefu), B ni eneo lake kuwa dogo na linazidi kuharibika, C ni wachache na bado wanapungua, D ni wachache mno, E ni mahesabu ya uwezekano wa kutoweka. Angalia pia kama pembeni wameongeza kwamba huenda katoweka. Hiyo sio sawa na EX, maana ili samaki aandikwe EX lazima isibaki shaka ya maana kwamba wa mwisho kafa, watu wawe wamemtafuta sehemu zote na misimu yote, na kumtafuta samaki wa urefu wa kiganja na vidole kwenye ziwa la kilomita za mraba karibu 68,800 lenye kina cha mita kama 80 sio kazi ya wikiendi.

Soma na sehemu ya vitisho. Kwa eupogon kisa chake kinaumiza kidogo. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akatulia weee, kufika miaka ya 1980 akalipuka, furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa, wakafagiliwa, na mwenzetu huyu nae alikuwa saizi ya kumezwa. Wakati huohuo mbolea na maji machafu vinaingia, mwani unastawi, ukifa unazama na kuoza, oksijeni kule chini inaisha. Samaki wa kina kirefu aende wapi? Chini hakuna hewa, juu kuna mdomo wa sangara.

Kingine, tazama mwaka wa tathmini, ikishapita miaka kumi inahesabika imepitwa. Na LC ni ya dunia nzima, samaki anaweza kuwa LC na ziwani kwenu mkawa mnamtafuta kwa tochi.

Ukivua kambare ambae humuelewi usimkate kwanza. Akiwa na pezi refu la nyama mgongoni nyuma ya pezi la kwanza, na mkia uliogawanyika, huyo ni hongwe. Akilia na kukuchoma kwa miiba ni gogogo. Pezi refu moja laini kutoka karibu na kichwa mpaka karibu na mkia, ndo ukoo wa kambare, ila udogo peke yake sio ushahidi, kuna Clarias alluaudi na liocephalus, wadogo pia, wapo kwenye mafunjo na pembezoni. Aliyetoka kwenye kina cha mita hamsini ndo anastahili simu. Muweke kwenye barafu, andika kina na mahali, mpelekee afisa uvuvi au TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi Tanzania), na mpige picha ubavuni pamoja na rula. Rula jamani. Nimeshatumiwa picha ya kambare "mdogo sana" kwenye kiganja cha mtu, kumbe mwenye kiganja ana mikono kama makasia.